Pengo Katikati ya Picha

Programu ilidai picha moja haipo, na mwanzoni hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kompyuta nazo huchoka kama watu, na yule mama alikuwa amechoka kuliko kompyuta yake.

Kazi yake ilikuwa kuunganisha picha za filamu, na tangu ajifungue aliifanyia nyumbani. Safari hii bosi alimpa diski yenye maelfu ya picha za chumba kimoja kitupu, ndani ya nyumba kuukuu iliyosubiri kubomolewa. Mpiga picha wao, waliyemwita Mrefu, aliisimamisha kamera pale ikapiga picha yenyewe kutwa nzima, ili jua lionekane likitambaa ukutani. Mama akishaziingiza kwenye programu, picha zinajipanga kwa namba zao na kukimbia kama video, kisha yeye anapachika mawingu dirishani. Angeweza kuifanya huku jicho moja limefumba, na kusema kweli moja lilikuwa limeshafumba, maana mwanawe, Bonge, alikuwa anaota meno na nyumba nzima haikulala.

Programu ikasema kuna picha haipo. Katikati ya mfululizo, namba moja imerukwa. Watu wa kazi hii wote wanajua dawa yake: unanakili picha ya jirani, unaipa namba iliyokosekana, na hakuna jicho la binadamu litakalogundua. Akafanya hivyo. Aliporudi kutoka kumbadilisha mtoto nepi, picha ile haimo. Akanakili ya upande wa pili, nayo ikapotea. Huku bosi kwenye simu, "Mama Bonge, tunakungoja wewe tu," huku Bonge analia, huku sufuria inaungua, basi kwa hasira ya uchovu akachukua picha yoyote iliyokuwa karibu, ya Bonge ameketi mkekani anacheka, akaipa namba ile, akasema moyoni nitaitoa kesho, ni kiraka tu.

Programu ikaipokea papo hapo. Na Bonge akanyamaza.

Angekuwa na nguvu angeuogopa ukimya ule. Lakini mama aliyekesha hamuulizi mtoto kwa nini amenyamaza. Alilaza kichwa mezani akamshukuru Mungu.

Kesho yake mchana ikaja harufu, ya lipu iliyonyeshewa, ya nyumba isiyofunguliwa madirisha, wakati madirisha yao yote yalikuwa wazi. Kisha sauti ya mtu anayeburuta miguu penye vumbi, polepole, kama mgonjwa anayetafuta kitanda. Mama mkwe wake, aliyekuja kusaidia kulea, akaingia kwa kunyata akamshika kiwiko.

"Mwanangu, umemhamisha mtoto?"

"Sijamgusa, mama."

"Nilikuwa namtazama. Alikuwepo mkekani, akawa hayupo, akawepo."

"Ni macho, mama. Wote hatujalala."

"Macho yangu yamezeeka, lakini hayajawahi kuniibia mjukuu," bibi akanong'ona.

Wakaenda wote wawili wakasimama mlangoni. Bonge alikuwa ameketi, mgongo kwao, anachekea kona isiyo na kitu. Kisha mkeka ukawa mtupu, muda wa kupepesa jicho, na mtoto akawepo tena, mkono wake ukiwa mahali pengine kabisa, kama mkanda uliokatwa kipande. Mama alimrukia, akamkumbatia, akamkuta wa baridi kama mtungi, na kwenye mikunjo ya shingo yake kulikuwa na vumbi jeupe la chokaa.

Akili yake ilikimbilia kwenye kiraka. Akaketi, mtoto pajani, akaanza kupitia picha moja moja, na sakafu ya chumba kile ambayo jana ilikuwa na vumbi tupu sasa ilikuwa na alama ndogo ya makalio ya mtoto, na katika picha iliyofuata palikuwa na unyayo mmoja konani, mrefu, mwembamba, na katika iliyofuata unyayo wa pili mbele ya wa kwanza, na ukutani jua lilikuwa linatambaa vilevile kana kwamba hakuna jambo, na nyayo zinakuja, picha baada ya picha, hatua kwa hatua, hazina haraka, mpaka zikasimama kando ya ile alama ndogo na hapo vumbi likawa limesuguliwa, kama vile mtu alichuchumaa ili amtazame mtoto vizuri.

Akaifuta picha ya Bonge.

Paja lake likawa jepesi. Mikono yake ilikuwa imekumbatia hewa, na safari hii hewa ilibaki hewa, alihesabu pumzi zake mwenyewe na mtoto harudi, mama mkwe ameziba mdomo kwa khanga, vidole vinateleza kwenye vitufe, anakosea namba, anaandika upya, akairudisha picha mahali pake, na uzito ukarudi pajani, baridi, ukitweta.

Alimpigia Mrefu.

"Nilitaka kukwambia nikaona utanicheka," Mrefu akasema kwa sauti ya chini. "Mlinzi wa ile nyumba aliniambia nibishe hodi kabla ya kuingia. Nikamuuliza, hodi kwa nani, kwa panya? Kamera ikajizima mara moja tu, ikajiwasha. Hilo ndilo pengo lako."

"Na hukunitajia, Mrefu?"

"Nisamehe."

Mama mkwe hakungoja mwanawe, baba yake Bonge, arudi kutoka kazini. Alimleta mganga, mwanamke wa makamo mwenye miwani, ambaye alipoiona kompyuta alikuna kichwa. "Mimi huwatoa kwenye watu," akasema. "Huku sijawahi. Nipeni kiti kwanza." Akanusa hewa, akamshika Bonge unyayo, akatazama zile picha mpaka mwisho.

"Huyu hajaingia kwenu," akasema hatimaye. "Anakaa palepale penye pengo, ndiyo nafasi yake. Wewe ulibisha mlangoni kwake ukampa mtoto. Anadhani umempa zawadi, na anampenda. Ndiyo maana hajamdhuru."

"Nilikuwa nimechoka tu," mama akasema.

"Yeye hajui hilo. Na ukimpokonya atamchukua kabisa, kama mlivyoona. Mpe mwingine."

Mama mkwe akarekebisha khanga yake, akakaa wima kama anayekwenda kupigwa picha ya kitambulisho. "Weka yangu. Mimi nimekula chumvi nyingi, na sina meno ya kumng'ata."

Wakampiga picha, machozi yanamtoka naye anajitahidi kutabasamu. Mama akaijaribu mahali pa ile ya Bonge. Programu ikaikataa. Akajaribu tena, ikaikataa. Mganga akavua miwani, akaifuta, hakumtazama mtu.

"Anataka aliyembishia hodi," akasema.

Basi mama akajipiga picha mwenyewe, nywele timtim, titi limelowesha blauzi, macho mekundu. Akaipa ile namba. Ikapokelewa papo hapo. Bonge akalia kilio kikubwa, cha ufizi na cha njaa, mwili wake ukapata joto, na bibi akapiga magoti akalia naye. Harufu ilikwisha. Mganga aliaga akisema asiifute kamwe picha hiyo, na wala asiiangalie.

Siku zile zilizofuata zilikuwa njema. Bosi alisifu mawingu. Jioni moja mama alikuwa jikoni anamenya viazi, mama mkwe anamsimulia habari za jirani aliyenunua kochi lisilopita mlangoni, na alipoinua uso kucheka, aliona viazi vimeshamenywa vyote, taa imewashwa, na bibi amejibana ukutani na mtoto kifuani.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?" akanong'ona.

"Nipo hapa, mama. Wapi tena?"

"Nimekuita mpaka sauti imekauka."

Akatazama mikono yake, myeupe kwa chokaa, akainawa polepole. Alimwambia bibi asiogope, asimwambie mwanawe. Lakini kuna neno hakulisema: kwamba kule alikotoka kulikuwa kimya, jua linatambaa ukutani, mtu amechuchumaa kando yake bila kumdai kitu, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, alikuwa amelala.