Kijana Aliyekataa Kuzaliwa Muthara

"Guka, ngoja. Usimchinje."

Kisu kilikuwa kimeshanolewa. Mithika, mume wangu, Guka yaani babu wa nyumba kama mimi nilivyo Cucu, nyanya, alikuwa ameinama juu ya beberu mweupe mwenye doa jeusi sikioni, na wazee wa ukoo wamekaa uani kwetu kijijini Muthara, kwenye viti vya plastiki tulivyoazima kanisani. Wote waligeuka kumwangalia Lual. Ilibidi waangalie juu, maana kijana ni mrefu. Mlangoni kwangu huingia kama anayesujudu.

"Nisimchinje? Kwani umemwona mwembamba?" Mithika aliuliza.

Wazee wakacheka. Lual hakucheka.

"Ni mbuzi mzuri, Guka. Lakini mimi sitaki kuzaliwa hapa."

Mithika akainuka, kisu mkononi.

Nieleze kidogo. Lual ni wa Sudan Kusini. Alipanga chumba katika nyumba yangu ya Meru mjini tangu alipokuja kusomea mambo ya maji katika chuo kikuu. Karo yake ililipwa na baba yake mdogo aliye Juba, na karo ya mwanafunzi wa nje si kama ya watoto wetu, ni mlima. Kisha vita vikarudi kwao, pesa yao ikaanguka. Alasiri moja nikichambua maharagwe nilimsikia akiongea kwenye simu kwa lugha yao, halafu akakata na kuketi kando yangu.

"Wamesemaje nyumbani?" nilimuuliza.

"Baba mdogo amefika mwisho, Cucu. Mshahara wake haununui hata gunia la unga. Anasema nimsamehe."

"Na shule?"

"Bila karo hakuna mtihani. Bila shule, kibali changu cha kukaa Kenya kinaisha. Narudi."

Mithika ndiye aliyewaza habari ya mbuzi. Ukoo wetu huchanga kila miraa ikiuzwa vizuri, na mchango huo husomesha watoto wa ukoo peke yao. Lual si wa ukoo. Lakini tangu zamani, mgeni aliyependwa huzaliwa upya kwa mbuzi: mbuzi anachinjwa, mgeni anavishwa kipande cha ngozi mkononi, anapewa jina, na kuanzia hapo ni mtoto wa nyumba ile kama aliyetoka tumboni. Sisi watu wa kanisa tuliongeza maombi tu.

Husemwa mfa maji haachi kutapatapa. Huyu wetu aliacha. Kwa nini? Swali hilo lilinikaa kama punje ya mahindi kwenye jino.

"Ni dharau!" akasema Koome, mdogo wa Mithika, mwekahazina wa mchango. "Tunamfungulia mfuko, yeye anatufungia mlango!"

"Si dharau, mzee."

"Basi ni nini? Sema!"

"Siwezi kusema."

Akaondoka, akapita nyuma ya jikoni. Wazee wakabaki wakimwangalia mbuzi, naye mbuzi akiwaangalia wao.

Nilimfuata polepole, magoti yangu hayana haraka. Nilipofika pembeni mwa jiko nikasikia sauti mbili. Adabu ilinitaka nikohoe. Sikukohoa.

"Umefanya nini, Lual? Si tuliongea?"

Ilikuwa sauti ya Gacheri, mjukuu wangu, tuliyemlea tangu mama yake afariki. Ni fundi cherehani mjini, hushona sare za shule.

"Wewe ndiye uliyeongea. Mimi nilinyamaza."

"Nilikuandikia meseji."

"Nimeisoma mpaka nimeikariri. 'Kubali mbuzi. Soma kwanza. Mimi nitazoea kukuita kaka.' Utazoea, Gacheri?"

"Watu huzoea hata njaa."

"Niite sasa nisikie."

Nikasikia kisu kikimenya ndizi kwa kasi.

"Niite kaka."

"Niondokee! Moshi unaniumiza macho."

"Moto haujawashwa."

Lual akainua mkono kumpangusa machozi, na hapo ndipo nikaona kitu nilichokuwa nakiangalia kila siku. Shati lake. Meru nzima hakuna duka linalouza shati la mikono mirefu kiasi kile. Mwisho wa kila mkono palikuwa pameongezwa kitambaa cha bluu, kitambaa cha sare ya shule, kwa mishono midogo iliyosimama kwa mstari kama punje za mtama. Mishono ile naijua. Niliifundisha mimi.

Nikakohoa.

"Cucu!" Gacheri aliruka, kisu cha ndizi kikaanguka.

"Hilo shati lilianza kurefushwa lini?"

"Mwaka jana," akasema, macho chini.

"Na mimi nakaa nanyi hamniambii?"

"Watu wangesema natafuta kitambulisho, Cucu," Lual akajibu. "Mwanafunzi wa nje amekosa karo, mara anataka kuoa Mkenya. Nilitaka nimalize shule kwanza, nije na watu wangu, nimwombe kwa heshima."

"Na sasa?"

"Nikizaliwa hapa nitasoma, lakini Gacheri atakuwa dada yangu. Hata kwetu dada wa ukoo haolewi. Nikikataa, narudi Juba. Lakini nikiwa Juba naweza kumpenda bila dhambi."

"Mjinga," Gacheri alisema huku analia. "Mjinga mrefu."

Nilijifunga leso vizuri, nikarudi kwa wazee.

"Mithika, weka kisu. Huyu hawezi kuwa mjukuu wako. Anataka kuwa mkwe wako."

Kiti kimoja cha plastiki kilivunjika. Sijui kilikuwa cha nani.

"Gacheri!" Mithika aliita. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Guka."

"Na wewe ndiye unayemenya ndizi za sherehe ya kumfanya kaka yako?"

"Nilitaka asome, Guka."

Mzee akakaa chini. Koome hakukaa.

"Kumbe! Huyu anatafuta kitambulisho! Tena msikie vizuri, mchango haumlipii mkwe. Mkwe ndiye hutulipa sisi!"

"Sijauomba mchango," Lual akasema. "Na kama ningetaka kitambulisho, mzee, si ningemkubali mbuzi? Leo hii ningekuwa na jina, na ukoo, na karo."

Koome akavuta kiti chake, akakaa.

Kwenye kiti cha mwisho alikuwa Njeru wa Gachoka, rafiki ya Mithika tangu wakiendesha lori pamoja. Alikuja kutoka kwao huko Mbeere, nchi kame, kuwa shahidi tu. Akaanza kucheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mithika, nyumba yako na yangu tuna undugu wowote?"

"Wapi! Tulikuwa na lori tu."

"Kwa hiyo mtoto wangu anaweza kuoa kwako?"

"Anaweza... Njeru, unawaza nini wewe?"

"Mungu alinipa mabinti watupu, na wote wameolewa. Kijana, unasomea nini?"

"Maji, Baba. Visima na mabwawa."

"Maji! Kwetu Gachoka maji tunayasikia redioni!" Njeru akaokota kofia, akasimama. "Basi sikia. Ndengu zangu ziko stoo, nilikuwa nangoja bei ipande. Sitangoja tena. Zitalipa muhula huu, na muhula ujao tutamwachia Mungu na mvua. Likizo utakuja tuchimbe bwawa. Ukizaliwa kwangu, mimi nitapata wa kuniita Baba, na wewe siku ukitaka mke utapata wa kukupeleka."

Lual alimtazama Gacheri. Gacheri akaitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Nitazaliwa Gachoka," Lual akasema, na ile sauti yake nzito ikatoka kama ya mtoto.

"Na huyu mbuzi wangu?" Mithika akauliza.

"Huyo ni wa Muthara, hawezi kunizalia mtoto. Nitachinja wangu. Lakini nipe niende naye."

"Wa nini?"

"Wewe nipe tu."

Ndengu ziliuzwa kwa bei mbaya, lakini mtihani ulifanywa. Mvua ya msimu uliofuata ilikosekana, na Gacheri akashona sare mpaka Jumapili jioni kuziba pengo. Bwawa la Njeru likachimbwa likizo baada ya likizo. Lual akamaliza chuo, akapata kazi ya visima huko huko Mbeere.

Kisha Jumamosi moja mbwa wakabweka langoni kwetu Muthara. Mbele alikuwa Njeru katika koti la harusi za zamani. Nyuma yake Lual, na kando yake mzee mmoja mrefu kama yeye, baba mdogo kutoka Juba, akiinama chini ya waya wetu wa kuanikia nguo. Na Njeru alikuwa anavuta kamba, na kwenye kamba mbuzi mweupe, mnono kama ndama, mwenye doa jeusi sikioni.

"Huyu si mbuzi wangu?" Mithika alishangaa.

"Alikuwa wako. Sasa yuko upande wetu, amekuja kuposa."

"Njeru! Unaniposea na mbuzi wangu mwenyewe?"

"Nimemlisha mimi! Na ungemchinja siku ile, ungebaki na mjukuu wa kiume anayelia na wa kike anayelia."

"Na ng'ombe?" Koome akadakia.

"Ng'ombe wako barabarani, mwekahazina. Wana miguu mifupi kuliko mwanangu."

Tukacheka, hata Koome. Kisha, kama ilivyo desturi, Gacheri akaitwa mbele ya watu wote aulizwe.

"Mwanangu," Mithika akaanza, "wageni hawa wanasema wanajulikana hapa. Yule kijana, unamjua?"

Gacheri alimtazama Lual, amesimama na shati lake la zamani, bluu ikionekana mwisho wa mikono chini ya koti.

"Namjua, Guka," akasema. "Si kaka yangu."