Mikate Chini ya Mto wa Mama Mkwe

Niliinua mto wa mama mkwe wangu... nikakuta mikate ya ngano!

Minne. Laini. Bado ina joto, ndani ya mfuko wa karatasi wa bekari ya kona.

Na chumba cha pili mwanangu Jovelyn, miaka minane, alikuwa anatapika mpaka nyongo.

Jamani, nilipiga ukelele hadi jirani akazima redio.

"Mama! Hii ni nini?!"

Mama Pacing alisimama mlangoni, taulo begani.

"Nakuuliza, hii ni nini?"

"Si unaona? Mikate."

"Ya nani?"

"Yangu, Delfa. Yangu mwenyewe."

"Muongo! Kumbe wewe ndiye unayeniulia mtoto!"

Wamama wenzangu, kabla hamjanihukumu, ngoja niwaeleze.

Jovelyn wangu hatakiwi kugusa ngano. Ikiingia tumboni mwake inamchubua utumbo, chakula hakishiki. Tumbo linamvimba kama ngoma, mikono imebaki vijiti. Daktari wa mjini Bacolod, huku kwetu Ufilipino, aliniambia, "Mama, hata chembe."

Mimi shule niliishia ya msingi. Lakini hilo la hata chembe nililielewa vizuri sana.

Nikatupa biskuti. Nikatupa sosi ya soya, maana nayo ina ngano. Nikanunua masufuria mapya. Mkate nikaanza kuoka mwenyewe, unga wa mchele na wa muhogo, mayai, hamira, na boga la kuchemsha mahali pa siagi. Haukandwi ule. Unaukoroga kama uji mzito, unaumimina kwenye bati, unaomba Mungu uumuke.

Sukari sikutia, mafuta kijiko tu, kwa sababu Mama Pacing ana kisukari na mwili mkubwa, naye alikatazwa vitu vya kunenepesha. Nikasema mkate mmoja utibu wawili.

Basi kila asubuhi nilikuwa natukanwa mezani.

"Delfa, huu mkate au tofali?"

"Kula, Mama. Ni kwa afya yako."

"Afya gani? Nikifa leo mtanizika na meno yangu yamevunjika."

Jovelyn anacheka. Bibi yake anamkonyeza. Walikuwa wanapendana wale, mpaka nilikuwa naona wivu.

Mwaka mzima nikaoka. Mtoto hapati nafuu! Nafuu ya siku mbili, kisha anaanguka tena. Tukampima damu. Daktari akavua miwani.

"Mama, huyu mtoto bado anakula ngano."

"Haiwezekani! Naoka kwa mikono yangu hii!"

"Basi kuna mtu anampa. Chunguza nyumbani kwako."

Chunguza nyumbani kwako... Maneno hayo yaliniingia kama mwiba. Nikaanza kunusa vikombe. Nikakagua mkoba wa shule. Mwisho nikaingia chumba cha mama mkwe. Nikainua mto.

Turudi pale pale.

"Nakuapia kwa Mungu, Delfa! Mtoto sijampa! Nilikuwa na hamu tu... nimechoka na boga lako. Nakula nikiwa nimejifungia, naona aibu."

"Mtu mzima anaficha mikate chini ya mto, halafu nimwamini?"

Alikuwa analia. Mama wa miaka sabini na ushee, analia kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Jovelyn akatoka ameshikilia ukuta.

"Mama, bibi hajanipa."

"Nyamaza! Umefundishwa!"

"Kweli, mama. Nilimwomba, akaninyima."

Mmesikia? Mtoto alisema! Mimi masikio niliyaweka wapi, sijui.

Mume wangu Rodel akarudi kutoka kiwandani, akakuta mizigo ya mama yake iko sebuleni.

"Delfa, yule ni mama yangu."

"Na huyu ni mwanao. Chagua!"

Rodel ni mtu wa maneno machache. Alibeba begi la mama yake, akampeleka bandarini, akampandisha meli ya kwenda Davao kwa kaka yake. Aliporudi alilala sebuleni. Mpaka leo analala huko.

Mama Pacing hakunitukana. Alipita mbele yangu, akambusu mjukuu wake kichwani, akasema, "Mtii mama yako." Basi.

Nikajua sasa mwanangu atapona.

Wapendwa... akazidi!

Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Akawa hawezi kupanda ngazi za shule. Nikachanganyikiwa. Nikaongeza kuoka, nikaongeza sala.

Huku kisiwani kwetu Negros ukiwa na shida kubwa unawapelekea mayai masista wa monasteri, wale wasiotoka nje ya ukuta wao, wakuombee. Mimi nilikuwa mteja wao tangu mtoto aanze kuugua. Wale masista ndio wanaotengeneza hostia za parokia, zile nyeupe za komunyo. Wakishakata zile duara, masalio ya pembeni wanayafunga kwenye mifuko. Ukileta mayai, huondoki mikono mitupu, wanakupa mfuko.

Watu wanayatafuna kama kashata. Mimi hapana. Mimi niliona kitu kilichotoka mikono mitakatifu si cha kutafuna ovyo. Kila asubuhi nilimfanyia Jovelyn ishara ya msalaba, nikamwekea kipande ulimini. Bibi yake alipoondoka na hali ikazidi, nikawa nampa na jioni pia.

Siku moja nikapeleka trei nzima ya mayai. Sista Benigna, yule mzee wa dirishani, akanitazama kupitia fito za mbao.

"Mtoto anaendeleaje, binti yangu?"

"Vibaya, Sista. Na adui nimeshamtoa nyumbani."

"Adui gani?"

"Mama mkwe. Alikuwa anamlisha ngano."

Akajishika kifua. "Maskini! Hata kidogo hatakiwi?"

"Hata chembe."

Akasukuma mfuko wa masalio dirishani. Kisha akauvuta nusu, akaniuliza kama mtu anayetania, "Hii unakula mwenyewe, siyo?"

"Hapana, Sista! Yangu yote ni ya mtoto. Asubuhi na jioni."

Akauvuta mfuko wote ndani.

"Binti yangu... hii ni ngano."

"Ipi?"

"Hii. Hostia. Ni unga wa ngano na maji, hakuna kingine. Na haya masalio hayajabarikiwa hata. Ni ngano tu."

Jamani... jamani!

Ni nyeupe! Ni nyembamba! Huku kwetu kila cheupe chembamba ni mchele! Nani angeniambia? Daktari alinitajia mkate, biskuti, tambi, sosi. Mambo ya Mungu hakuyataja, na mimi sikuuliza. Utamuulizaje daktari kuhusu Mungu?

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji. Sista analia upande wake, mimi upande wangu.

Adui wa mwanangu alikuwa mkono wangu. Ule ule unaokoroga unga.

Niliacha siku hiyo hiyo. Jovelyn akaanza kupata rangi. Akaanza kukimbia uani. Daktari akampima tena, akatabasamu, "Mama, umemkamata?"

Nikasema ndiyo.

Ikabidi nipige simu Davao. Kaka yake Rodel akaipokea, akaniweka kwenye video. Mama Pacing yuko kitandani, amepungua, shuka limelala bapa chini ya goti la kushoto.

"Mama... mguu?"

"Wameukata. Huku wanakula wali na soda. Hakuna wa kunikorogea boga."

Nikalia. Nikamweleza yote, masista, mayai, masalio. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuapia, Delfa."

"Najua, Mama. Nisamehe. Rudi nyumbani, nakuja kukuchukua mwenyewe."

"Mtoto amepona?"

"Amepona, Mama."

"Basi mshukuru Mungu."

"Na wewe, Mama? Utarudi?"

"Ulinitoa kama mbwa aliyeiba, mbele ya mjukuu wangu. Mguu niliobakiwa nao haukanyagi tena kwako."

Akakata simu.

Wamama, nimeandika hii mjifunze kwangu. Ukiambiwa mtoto hatakiwi kitu, uliza vyote. Vya sokoni uliza, vya jirani uliza, na vile unavyoviheshimu mpaka unaona haya kuviuliza, hivyo ndivyo viulize kwanza. Na mtu akikuapia huku analia, msikilize kabla hujamfungashia virago. Mtoto wako akisema "hajanipa", mwamini! Mikate chini ya mto ilikuwa ushahidi wa njaa ya mzee, mimi nikaisoma kama ushahidi wa kuua.

Jovelyn ameongezeka uzito. Kila akikaa mezani ananiuliza bibi anarudi lini.

Namwambia ale.