Siku Daktari Kalama Alipoapa

Kila asubuhi, kabla ya chai, Bi Mwanarusi alihesabu moyo wa mumewe.

Walikaa Bongwe, karibu na Ukunda. Mume aliitwa Kibwana. Zamani alikuwa mkwezi wa minazi. Kisha moyo wake ukaanza kuzembea. Mara unapiga, mara unasahau, na yeye huanguka chini. Madaktari wa Nairobi wakamtia mashine ya moyo chini ya ngozi ya kifua. Ilikuwa kubwa kama mkebe mdogo wa rangi ya viatu, na ndani yake mlikuwa na betri. Kazi yake ilikuwa kuukumbusha moyo kupiga mara sabini kila dakika. Kukwea aliambiwa basi.

Haya yalitokea uhuru ulipokuwa na miaka kumi. Mashine kama hizo zilikuwa chache nchini.

Bi Mwanarusi hakujua kuandika, lakini tasbihi aliijua. Tasbihi yake ilikuwa na shanga thelathini na tatu. Mkono mmoja ulishika kifundo cha mkono wa mumewe. Mkono wa pili ulivuta shanga. Kibwana aliitazama saa ya ukutani, na dakika ilipokwisha akasema, "Haya."

"Tasbihi mbili na shanga nne. Sabini."

"Bado nipo?"

"Upo. Kunywa chai."

Hivyo ndivyo siku yao ilivyoanza, na mimi sijaona mapenzi makubwa kuliko hayo.

Jumatatu moja hesabu ilikuwa tasbihi moja na shanga ishirini. Akahesabu tena. Hamsini na tatu, ile ile. Hakungoja chai. Alivaa buibui akaenda hospitali kwa Daktari Kalama.

Daktari Kalama alikuwa kijana mpole. Watu walimpenda. Kabla Kibwana hajapelekwa Nairobi, daktari huyu alikaa naye siku tatu mfululizo, akalala kwenye kiti. Kila Idd alikuja Bongwe kula wali wa nazi. Lakini Jumatatu ile wagonjwa walijaa mpaka uani. Alimsikiliza Bi Mwanarusi akiwa amesimama, akacheka kwa upole.

"Mama, shanga zimekuteleza. Mashine hii ni ya miaka mitatu. Haijatimiza hata mmoja. Nenda ukapumzike."

Bi Mwanarusi akaona haya. Akarudi nyumbani. Siku zilizofuata hesabu ilikuwa chini vile vile, naye akajiambia ni shanga zinateleza. Hapo mimi namgombeza kidogo. Daktari namgombeza zaidi.

Siku ya kumi Kibwana alikuwa akiokota makuti chini ya mnazi. Akaanguka, mkono ukavunjika. Alipofikishwa Nairobi mashine ilitolewa. Betri ilikuwa imekufa. Akatiwa nyingine.

Kampuni iliyouza mashine ile ilikana. "Mashine ilikuwa nzima," walisema. "Mzee amekwea mnazi, akaanguka, mashine ikavunjika. Ameokotwa wapi? Chini ya mnazi."

Kibwana alipeleka kesi mahakamani Kwale. Alikuwa na sababu kubwa kuliko mkono wake. Wodini Nairobi alilala jirani na mtu wa Jego, jina lake Othman. Othman alikuwa na mashine ya namna ile ile kifuani. Kibwana alimtumia habari akapimwe. Othman akajibu, "Kampuni imesema ni nzima. Nikapimwe, kisha nipasuliwe tena, kwa ajili ya nini?" Ikiwa mahakama itasema mashine ni mbovu, zote zitakaguliwa. Ikiwa kampuni itashinda, Othman atabaki na yake.

Jirani yao Jumwa alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Kabla ya hapo alikuwa karani wa mahakama Mombasa. Wiki moja kabla ya kesi alikuja kumsomea Bi Mwanarusi maelezo yake, yale aliyompa wakili wao, Bwana Shutu. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Jirani, humu mna upungufu. Ile Jumatatu nilikuona na buibui. Uliniambia wenda kwa daktari, moyo wa mzee umeshuka. Mbona hukuyasema?"

Bi Mwanarusi alizidi kukuna nazi. Kibwana alitazama dari. Mtu aliyeoa miaka thelathini anajua wakati wa kutazama dari.

"Nikiyasema," Bi Mwanarusi alisema mwishowe, "wakili atamwita daktari aape. Wanitaka nimwapishe mtoto wa watu? Si sawa na kumsomea halbadiri? Akiwa amekosa hata kidogo, kesho wasikia amepooza upande mmoja. Yule amekula wali wangu, Jumwa."

Jumwa hakucheka. Alijua kwamba jirani yake ana hofu ya kweli.

"Halbadiri ni dua ya laana, watu huisoma kumtafuta mwizi. Kiapo cha mahakama ni kitu kingine. Ni ahadi. Shahidi hushika kitabu cha dini yake, akaahidi kusema kweli. Asiyetaka kuapa huruhusiwa kuthibitisha kwa maneno tu. Hakuna anayemwombea mabaya. Akisema uongo makusudi, hilo ni kosa la jinai, na serikali itamshtaki. Akisema kweli, hata kweli ya kosa lake mwenyewe, kiapo hakimdhuru."

"Na aibu je?"

"Aibu atapata. Siwezi kukudanganya. Lakini kampuni yasema mzee alikwea. Ni nani anayejua kwamba moyo ulishuka siku kumi kabla hajaanguka? Ni nyinyi wawili na daktari; mimi ni jirani niliyesikia tu. Nyinyi ndio wenye kesi, yeye si upande wowote. Neno lake lina uzito."

Bi Mwanarusi aliendelea kukuna.

"Na jingine," Jumwa alisema. "Wewe nawe utaapa. Utashika Msahafu useme utatoa kweli yote. Kisha kipande hiki ukiache?"

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Bi Mwanarusi alikuwa amesahau kiapo chake mwenyewe.

"Mama Asiya," Kibwana alimwambia mkewe polepole, "Othman ana watoto sita."

Kesho yake walikwenda kwa Bwana Shutu. Maelezo yakatengenezwa, na Daktari Kalama akapelekewa samansi ya kuitwa mahakamani.

Siku ya kesi Bi Mwanarusi alitoa ushahidi wake wote. Kisha daktari akaingia kizimbani, akashika Biblia, akaapa kusema kweli, kweli yote, na kweli tupu. Bi Mwanarusi alifumba macho, akamwombea dua kimoyomoyo. Alipoyafumbua, daktari alikuwa bado amesimama, mikono na miguu yote mizima.

Bwana Shutu aliuliza, "Daktari, kabla mzee Kibwana hajaanguka, mkewe alikuja kwako?"

"Alikuja. Siku kumi kabla."

"Alikuambia nini?"

"Aliniambia moyo wa mumewe umeshuka. Hamsini na tatu."

"Mashine nzima yaweza kuuacha moyo ushuke hadi hapo?"

"Haiwezi. Hiyo ni dalili kwamba betri inakwisha."

"Wewe ulifanya nini?"

Daktari Kalama alimtazama Bi Mwanarusi. "Nilimwambia shanga zimemteleza. Sikwenda kumpima mgonjwa. Niliamini karatasi ya kampuni kuliko mkono wa mama huyu. Nilikosa."

Bi Mwanarusi alifuta macho kwa ncha ya leso.

Wakili wa kampuni akasimama. "Mheshimiwa, hizi ni shanga za tasbihi. Ni nani atakayeamini kwamba mama huyu anajua kuhesabu moyo?"

"Na ahesabu sasa hivi," hakimu alisema. "Amhesabu mumewe."

"Hesabu ya mumewe anaijua, mheshimiwa," wakili alisema. "Mashine mpya hupiga sabini. Atasema sabini."

"Basi ahesabu wangu," Daktari Kalama alisema.

Hakimu akakubali. Daktari aliweka vidole shingoni mwake ahesabu mwenyewe. Mkono wa pili akaunyoosha. Bi Mwanarusi alimtazama mumewe kwanza kuomba ruhusa, naye akaitikia kwa kichwa. Karani akashika saa. Dakika ikapita, na mahakama nzima ilisikia shanga tu.

Daktari aliandika hesabu yake, akampa hakimu karatasi iliyokunjwa.

"Tasbihi tatu na shanga kumi na tatu," Bi Mwanarusi alisema. "Mia na kumi na mbili." Kisha akasahau kwamba yuko mahakamani. "Moyo wakukimbia, mwanangu. Kaa kitako."

Hakimu alikunjua karatasi. Iliandikwa mia na kumi na mbili. Wakili wa kampuni akaketi.

Kampuni ilishindwa. Serikali ikaagiza kila mwenye mashine ya namna ile apimwe bila malipo. Othman wa Jego alipopimwa, moyo wake ulikuwa hamsini na sita. Betri yake ilikuwa njiani kufa. Walimbadilishia juma lile lile, akarudi kwa watoto wake sita.

Hospitalini sasa mambo yamebadilika. Mgonjwa akieleza jambo, Daktari Kalama humshika mkono akahesabu kwanza, ndipo ajibu. Na Bi Mwanarusi anasoma kisomo kwa Jumwa. Ana daftari. Kila asubuhi huandika tarehe na hesabu. Herufi zake zimelala upande, lakini tarakimu zimesimama vizuri. Akiambiwa neno asiloridhika nalo, huuliza tena, kwa adabu, mpaka apate jibu.

Idd ilipofika, Daktari Kalama hakuonekana. Wali ukaiva. Kibwana akatoka kutazama, akamkuta amesimama nje ya ua, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee. Nimeona haya kuingia."

"Marahaba. Haya hizo ziache hapo nje, uingie peke yako."

Bi Mwanarusi alimwekea kiti. Kabla hajampakulia, alivuta tasbihi, akamshika mkono. Daktari alikaa kimya kama mtoto, na Kibwana akatazama saa.

"Haya," Kibwana alisema.

"Sabini na sita."

"Bado nipo, mama?"

"Upo," Bi Mwanarusi alisema, akampakulia na kumsogezea sahani. "Kula."