Kasuku Aliyeimba Bila Kuelewa

Kila asubuhi, kabla mwalimu wa Kiingereza hajaingia, darasa zima lilisimama kuimba miundo ya sentensi kwa makofi: mtendaji, kofi, kitendo, kofi, kinachotendwa, makofi mawili. Aliyeongoza wimbo alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti kali. Wenzake walimwita Kasuku, naye akajivunia jina hilo. Maskini, hakujua lilivyomfaa!

Maana Kasuku hakuelewa hata chembe. Mifano ya ubaoni aliikariri yote. Mvulana kapiga mpira, msichana kafungua mlango, alizimwaga sentensi hizo za Kiingereza bila kukwama. Lakini ukimwambia atunge yake mwenyewe, alikuwa bubu.

Siku moja mwalimu alitangaza, "Kesho ni mtihani. Mifano ya ubaoni siitaki. Kila mtu atatunga sentensi zake kuhusu kwao. Atakayeshindwa atarudi darasa la nyuma."

Darasa la nyuma! Huko ndiko alikosoma mdogo wake.

Nyumbani alimkuta mama akipiga pasi mashati ya watu.

"Mwanangu, mbona umenywea hivyo?"

"Si kitu, mama. Kichwa tu."

Mdogo wake, aliyekwisha kusikia shuleni habari za mtihani, akadakia, "Dada, ukija kwetu ukae na mimi dirishani. Mwalimu wetu hafiki huko." Akacheka peke yake. Kasuku alijifunika shuka na kulia mpaka mto ukalowa. Nani angemwamini akisema hajui? Kiongozi wa wimbo mzima!

Kesho yake alikaa mbele ya karatasi nyeupe. Aliandika kwamba mvulana kapiga mpira. Akafuta. Kwao hakukuwa na mvulana mwenye mpira. Akaandika tena sentensi ile ile, akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka. Hapo moyo ukamvunjika kabisa. Akasimama.

"Mwalimu, sijui. Sijawahi kujua."

"Wewe? Si ndiye unayewaongoza wenzako?"

"Naimba tu, mwalimu. Sielewi ninachoimba." Kilio kikamtoka mbele ya wote, na aibu ikamfunika.

Hakuna aliyecheka. Jirani yake akanyoosha mkono taratibu. "Hata mimi, mwalimu." Mikono mingine ikafuata, karibu nusu ya darasa. Mwalimu akazikusanya karatasi zote na kuzitia kwenye mkoba wake.

"Nami nilidhani makofi ndiyo kuelewa," alisema. "Mtihani huu siusahihishi. Tunaanza upya. Haya, mwanangu, sasa hivi nani anafanya nini?"

Kasuku alifuta kamasi. Akatafuta maneno, akayapata kwa Kiingereza cha kusuasua: "Mimi... ninalia."

"Umetunga! Mtendaji yupo, kitendo kipo, na hakuna aliyekupa maneno."

Kasuku akacheka huku machozi yakimtiririka.

"Sikilizeni, wanangu," mwalimu akasema. "Mtu akiniambia hajui, nitamfundisha mpaka aelewe. Lakini anayejifanya anajua nitamsaidiaje?"