Nimeombewa Kama Marehemu, na Mwanangu Kaitikia Amina

"Tumwombee marehemu Bonifasia, mama yake Rosina. Apumzike kwa amani..."

"Amina!"

Jamani! Bonifasia ni mimi!

Nimesimama nje ya jiko la shule pale Lundo, huku ziwani, begi kichwani, vumbi mpaka kwenye kope, nasikia naombewa! Na aliyefumba macho kuliko wote, sahani kaikumbatia, ni Rosina. Mwanangu wa kumzaa!

Msinicheke. Nilikaa chini palepale.

Ngoja niwaeleze. Mimi kwetu ni Matiri, huko juu milimani. Huku ziwani niliolewa tu. Mume akapata mwanamke mwingine Namswea, akahamia jumla, hatumi hata punje. Nikarudi Matiri kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu. Tunalala vibandani, wanaume kwa wanawake, si mahali pa kukaa na mtoto wa kike. Rosina nikamwacha kwa wifi yangu Gertrude, asome.

Shuleni pale wazazi wanachanga mahindi na maharage, watoto wapikiwe makande. Hujachanga? Mtoto wako atakaa pembeni aangalie wenzake wakila.

Na mimi nilituma! Debe la mahindi na maharage juu yake, nimepakia kwenye gari kwa mikono yangu hii.

Sasa mwaka huu wakaja wafadhili. Chakula bure kwa watoto waliofiwa na mzazi! Watoto hao ndio kabla ya kula wanaombewa marehemu wao.

Akili yangu ikaenda moja kwa moja kwa wifi. Kala mahindi yangu, halafu kaniua! Leo atanitambua!

Nikamvuta Rosina nyuma ya jiko. Alishtuka mpaka makande yakamwagika. Akainama, akayaokota kwenye vumbi, akala.

"Nani kasema nimekufa? Shangazi yako, eti?"

Akajaza makande mengine mdomoni.

"Sema! Nikamvunje mdomo!"

"Si shangazi..."

"Nani sasa?"

"Mimi."

"WEWE?!"

"Shangazi mahindi yako alipikia pombe, akauza. Akasema nikikwambia ananipeleka kwa baba." Alikuwa anaongea huku anatafuna. "Halafu mwalimu akaja darasani na wale wafadhili, akauliza nani hana mama anyooshe mkono... nikanyoosha."

"Rosina! Mimi nakuchumia kahawa huko mpaka vidole vinachanika, we unaniua?"

"Nilikuwa na njaa, mama. Ubaoni nilikuwa sioni tena."

Mkono nilikuwa nimeshauinua nimzabe kofi. Nikaushusha. Iliniuma, sitawadanganya. Nililia pale nyuma ya jiko mpaka kamasi.

Mara mwalimu huyu hapa! Mwalimu Dastan, kijana tu, mgeni pale, hanijui.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Samahani, wewe ni nani wake Rosina?"

Rosina akaacha kutafuna. Akaniangalia... yale macho sitayasahau.

Nikisema ukweli, kesho mwanangu anarudi kukaa pembeni. Na mahindi mengine sina, hata ya kwangu mwenyewe kule kibandani sina!

"Mama yake..."

Rosina akafumba macho.

"...mdogo. Mama yake mdogo. Marehemu ni dada yangu, tumbo moja."

"Ahaa! Ndiyo maana mmefanana! Pole sana kwa msiba, mama."

"Asante, mwalimu. Tumeshapoa."

Tumeshapoa! Mimi huyo, napokea pole ya kifo changu mwenyewe, na uso nimeukunja kabisa kama mfiwa!

Wifi nilimfuata. Tulichambana mpaka majirani wakaacha kuanika dagaa wakaja kusikiliza. Akalia, akaapa kwa Mungu hatarudia. Ningemchukua mwanangu siku ileile, lakini nimpeleke wapi? Kibandani?

Jioni Rosina akanisindikiza mpaka barabarani kusubiri gari. Gari lilipotokea akanikumbatia, shavu limeanza kujaa kidogo.

"Safari njema, mama mdogo."

"Hapa tuko wawili tu, mwanangu. Niite mama."

Akatikisa kichwa.

"Nikizoea, nitakosea mbele ya mwalimu."

Nikapanda gari. 

Nyie mnaoleta chakula shuleni, Mungu awabariki, mwanangu anakula kwa sababu yenu. Lakini nawaomba, mkifika darasani msiulize nani kafa kwao. Ulizeni nani hajala. Mtoto mwenye njaa atamzika yeyote mtakayemtaka.

Na wewe unayekuja kukomenti kwamba nimemfundisha mwanangu uongo... njoo kwanza umlishe!