Matawi ya Miwati

Siku hiyo ilianza vizuri tu, masika ya mwaka hamsini na sita. Bushiri, dereva wa lori pale Makambako, alikunywa chai yake, akawapakia mkewe Mwantumu na mtoto wao wa pekee, Jaha, aliyebanwa na kifua. Walikuwa wanampeleka hospitali ya misheni, Tosamaganga. Mvua haikumtisha Bushiri. Gari likigoma kwa unyevu, alijua pa kushika.

Walipoipita Mafinga walikuta matawi mabichi ya miwati, ile miti inayopandwa kwa ajili ya magome, yamepangwa barabarani, kama madereva wafanyavyo gari likiharibika mbele. Akapunguza mwendo. Gari halikuwapo. Mara injini yake ikakohoa, ikazima.

Akafungua boneti. Petroli inafika. Plagi hazitoi cheche. Akafungua kifuniko cha distributa inayogawa umeme kwenye plagi, na kweli, ndani kulikuwa na unyevu. Akakikausha kwa kanga ya Mwantumu, akakizungushia kipande cha tyubu, akapiga hendeli. Injini ikawaka, naye akajisifu kidogo.

Maili chache mbele, matawi tena. Yalipokatwa palikuwa bado peupe. Kwenye tope hapakuwa na nyayo. Injini ikazima palepale.

Akafungua kifuniko. Kikavu. Cheche nzuri. Petroli ipo. Akafungua kila kitu, akafunga, akafungua tena. Hofu ikamwingia, maana gari lisilo na ubovu utalitengeneza nini?

“Baba Jaha,” Mwantumu akanong'ona, “anavuta pumzi kwa shida.”

“Naona, mama. Sijui nifanye nini.”

Hendeli ikiwa bado chini, injini ikawaka yenyewe.

Karibu na Ifunda, matawi mengine. Bushiri akakaza meno akisubiri injini izime. Haikuzima. Ilinguruma vizuri kuliko siku zote. Akapita juu ya matawi akicheka kwa furaha.

“Simamisha gari,” Mwantumu akasema taratibu. “Jaha hapumui.”

Akamtikisa. Akamwita. Akamfuta uso kwa ile ile kanga. Injini iliendelea kunguruma, wala haikukohoa hata mara moja.

Walimzika kesho yake.

Kiangazi kilipokolea, Bushiri alirudi kutoka safari ya Mbeya mchana wa jua kali, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Mbele ya mlango wa chumba chake palikuwa na matawi ya miwati, mabichi, yanachuruzika maji. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei. Akasimama hapo, asiweze kuyaruka wala kuyaondoa.

Ndani, Mwantumu alikuwa anakohoa.