Mnywaji wa Maji ya Betri

Nyamazeni, enyi mliokusanyika. Aliye na mtoto amtulize, aliye na simu aizime, na aliye na neno moyoni alimeze kwanza. Mola aliyelitandaza jua bure juu ya paa la mwema na paa la mwovu, ndiye aliyeumba pia viumbe vya moto, vinavyotuona pale tusipoviona. Na amana isiyoangaliwa, ndugu zangu, ni mlango usio na komeo.

Palikuwa na mshonaji, mwanamke wa cherehani na subira, aliyeishi na mumewe, fundi wa kupaka rangi, pamoja na mama mkwe aliyekuwa na kisukari. Mumewe majirani walimwita Bwana Kesho, naye hakulichukia jina hilo, kwa kuwa kulikataa nako kungetaka juhudi. Nyumba yao ilitumia umeme wa jua: paneli juu ya bati, betri kubwa nyeusi ndani ya kabati la ukumbini, na juu yake ile mashine ya kugeuza umeme iitwayo inveta. Taa na redio zilikuwa ziada tu. Kazi kuu ya umeme ule ilikuwa kuendesha friji ndogo iliyohifadhi dawa ya sindano ya mama mkwe. Dawa ile ikipata joto hufa, na ikifa, mgonjwa yu njiani kuifuata.

Jambo lenyewe lilianza kwa udogo. Jioni moja taa ya ukumbini iliwaka kwa rangi ya chai iliyopungua majani, ikatetema, kisha ikatulia kana kwamba imekumbuka adabu.

"Umeona?" mshonaji aliuliza.

"Imechoka. Hata wewe huchoka," mumewe alijibu, miguu juu ya kiti. "Nitapanda kuangalia kesho."

"Kesho yako, mume wangu, sasa ina watoto na wajukuu."

Mama mkwe akacheka kutoka chumbani, na mambo yakaishia hapo. Ndivyo shari inavyopenda: iingie watu wakicheka.

Siku zilizofuata taa zilififia mapema zaidi, hata kabla ya chakula cha jioni kuiva. Kisha kabati likaanza kulia. Ti, likanyamaza, ti, likanyamaza tena, mithili ya kifaranga kilichofungiwa chunguni. Baadaye ikaja harufu. Haikuja gizani kama wengi mnavyodhani, bali saa sita ya mchana, jua likiwa utosini, saa ambayo hata kivuli hujificha chini ya nyayo za mwenyewe. Ilikuwa harufu ya yai viza, nayo ilitambaa kutoka kabatini ikapita juu ya cherehani na kuingia katika nguo za wateja.

"Mwanangu," mama mkwe aliita kwa sauti ya chini. "Njoo. Usivae viatu."

Mshonaji akamwendea pekupeku.

"Kuna anayekunywa maji mle kabatini. Sikiliza koo lake."

Wakasikiliza wawili, wameshikana mikono. Nyuma ya mlango ule wa mbao palikuwa na mchemko mdogo, glu, glu, glu, wa kiumbe anayekunywa polepole kwa sababu hana wa kumharakisha.

Mshonaji alifungua kabati. Joto lilimpiga usoni kama pumzi ya mtu mwenye homa. Betri zilikuwa zimevimba ubavuni, na kwenye vichwa vyake, pale nyaya zinapofungwa, paliota ukungu mweupe wenye ukijani, laini, mfano wa ndevu za maiti. Yote hayo aliyaona kwa macho yake. Lakini kuona si kutambua, na hofu ni mwalimu mbaya. Alichukua mtandio wake wa sala, akautandaza juu ya inveta ili asiisikie tena ikilia, akaziba na matundu ya kabati kwa vitambaa vya cherehani, akisoma dua kwa kila kitambaa. Masikini mama wa watu. Aliziba kwa jina la Mungu kile ambacho Mungu alimpa macho akitazame, na chombo kilichokuwa kinaomba hewa akakinyima hewa.

Kilio kikafifia. Joto likapanda. Asubuhi moja alipotia mkono ndani ya friji, aliikuta chupa ya dawa ina uvuguvugu.

"Baba, dawa ya mama imepata joto," alimnong'oneza mumewe. "Mwite fundi sola leo."

"Fundi ataitoa wapi nguvu ya kupigana na jini? Mama mwenyewe amesema kuna anayekunywa. Kesho nitamleta shehe."

Mgonjwa akaendelea kudungwa dawa iliyokufa. Kiu ikamshika. Alimaliza mtungi, akaomba mwingine, na pumzi yake ikageuka kuwa na harufu ya matunda yaliyooza, na macho yake yakawa yanamtazama mkwewe kana kwamba kuna mtu mwingine amejiinamia nyuma ya mboni akichungulia nje, na kila alipokunywa, kabati nalo lilichemka, glu kwa glu, hata mshonaji hakuweza tena kujua ni koo lipi linalolia, la mama au la yule mwingine.

Shehe alikuja adhuhuri. Bwana Kesho, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amefanya jambo kabla ya kuambiwa, alimpokea ukumbini akiwa ameshika chetezo chenye makaa mekundu, tayari kukiingiza kabatini kwa ajili ya ubani.

Shehe alisimama kizingitini, akanusa, asivuke.

"Toa moto huo nje," alisema taratibu. "Toka nao kinyumenyume. Usipige hatua nyingine."

"Lakini shehe, jini huogopa moshi."

"Huyu anangoja cheche. Stoo ya msikiti wetu ilikuwa na betri kama hizi, na harufu hii hii. Cheche moja tu, na mlango wake tuliuokota barabarani."

Makaa yakamwagwa uani, madirisha yakafunguliwa. Shehe akaingia chumbani, akamtazama mgonjwa, akainusa pumzi yake. "Huyu anakwenda hospitali sasa hivi. Nitasoma njiani. Mwinueni."

Walipomwinua, ajuza yule aliyekuwa mwepesi kama kanga iliyoanikwa akawa mzito kama kisima. Aliushika mwimo wa mlango kwa vidole vilivyokataa kubanduka, na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake.

"Nina kiu."

"Nani wewe?" shehe aliuliza.

"Mgeni."

"Nani alikukaribisha?"

"Hakuna aliyenikataza. Nilikuta vumbi juu ya paa, nikalala. Nikakuta maji ndani ya wale weusi, nikanywa. Yalipokwisha, nikahamia kwa mwenye maji mwilini."

"Toka kwa jina la aliyekuumba."

"Nitatoka wakitengeneza. Lakini atengeneze nani?" Shingo ya ajuza ikageuka polepole kumwelekea mwanawe, na midomo ile iliyomwimbia utotoni ikatabasamu na kutamka kwa sauti ya mwana mwenyewe, kwa uvivu wake uleule: "Kesho."

Bwana Kesho alianguka magoti.  Alitambaa hadi kwa mamaye, akambandua kidole kimoja kimoja, akambeba mgongoni hadi barabarani. Shehe alifuata akisoma, hata walipofika wodini.

Mama alilazwa. Jioni hiyohiyo fundi sola alifika, akazima kila swichi kabla ya kugusa kitu, akauondoa mtandio, akazibua matundu, akafungua vifuniko vya betri. Ndani mlikuwa mkavu. Mabamba ya madini ya risasi yalionekana wazi, kama mbavu.

"Maji ya betri mliongeza lini mara ya mwisho?" aliuliza.

Akaanza kuzifungua nyaya kabla hawajajibu.

"Hizi zimekufa. Tutafunga nyingine. Mashine ilikuwa inawalilia kuwaambia chaji imekwisha, nanyi mkaifunika mdomo."

Alfajiri, kabla paneli hazijapata joto, Bwana Kesho alipanda paani mwenyewe na ndoo na kitambaa. Vumbi lilikuwa nene, limechanganyika na kinyesi cha ndege. Na juu ya vumbi hilo, toka paneli ya kwanza hadi ya mwisho, palikuwa na alama ya mwili uliolala kifudifudi, mrefu kuliko binadamu yeyote, mikono imenyooshwa kama ya mtoto anyonyaye. Hakumwita mtu. Aliosha hadi alama ya mwisho.

Mama mkwe alirudi hai, amekonda, akili yake timamu, na akakuta dawa mpya imelala kwenye ubaridi. Taa ya ukumbini iliwaka nyeupe. Mshonaji akaketi kando yake.

"Mama, umepoa?"

"Mimi nimepoa. Yeye ametoka." Ajuza alivuta shuka hadi kidevuni, akashusha sauti. "Lakini wakati ananiachia, aliniuliza ni nyumba ipi nyingine yenye maji."

"Ukamtajia nani, mama?"

 Ajuza aligeuza uso dirishani, kunako mtaa mzima, paa baada ya paa, paneli baada ya paneli, zote za kijivu kwa vumbi.

"Hakuhitaji nimtajie," alisema. "Aliziona mwenyewe."

Basi, ewe uliyeketi hapa ukitikisa kichwa kwa ajili ya mwenzako: taa zako huzimika saa ngapi siku hizi? Ni lini mara ya mwisho uligusa ubavu wa betri yako, ukanusa kabati lako, ukasikiliza kile kinacholia humo? Usifunike kwa dua kilio ulichopewa ili ukiitikie. Utubie uzembe wako kama unavyotubia dhambi nyingine, maana ndani ya nyumba yako yumo anayeishi kwa amana hiyo ya umeme. Ondoka sasa, ukamwite fundi. Na alfajiri panda paa lako wewe mwenyewe, uoshe, kabla hajalala.